Mashati ya Ng'ambo ya Mto

Habari hizi ni za nchi ambayo jina lake siliandiki. Si uchoyo. Limebadilishwa mara tatu tangu nizaliwe, na sina hakika ni lipi linaloruhusiwa wiki hii. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ni nchi nzuri, ina mto mmoja mkubwa, jeshi moja, na Kiongozi mmoja kwa wakati mmoja.

Mimi nilikuwa fundi wa mkono katika Ghala la Mashati ya Gwaride. Fundi wa mkono ni yule asiyepewa cherehani. Kazi yangu ilikuwa kufumua vyeo vya zamani na kushona vipya. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo yako mambo niliyoyaona bila kuyaelewa, nami nitayaandika vilevile. Wakubwa wetu ni watu wenye akili. Pasipoeleweka, kosa litakuwa langu.

Shati la gwaride ni lile analovaa askari siku ya sherehe. Kwetu limepitia mengi. Wageni waliotutawala waliliacha likiwa la kaki, lenye kola pana na vyeo mabegani. Kiongozi wa Kwanza akasema kola ni mnyororo wa shingoni, zikakatwa zote kwa siku moja. Kiongozi wa Pili akasema taifa lisilo na kola halitazamwi usoni na mataifa mengine, zikarudishwa mbili mbili, ya juu ikiwa ya taifa na ya chini ya askari mwenyewe. Kiongozi wa Tatu alikuwa mfupi. Hakuweza kusoma mabega ya majenerali wake bila kuinua kidevu, basi nyota zikashushwa kifuani, na jenerali mmoja aliyekuwa mrefu kupita kiasi akashushiwa zake hadi karibu na kitovu. Kiongozi wa sasa, tunayemwita Baba Mlezi, amerudisha nyota mabegani, amefuta kola mbili na kubakiza moja, na kuongeza mfuko wa tatu kifuani, ambao tuliambiwa ni wa siri za taifa. Tuliushona pande zote nne.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote halikuwa la kitambaa. Enzi za Kiongozi wa Pili, mpishi mmoja wa kambi alilowa na mvua, akachukua shati lililokuwa kwenye kamba, akalivaa, akaenda kuchota maji. Lilikuwa shati la Meja Jenerali. Kikosi kilichokuwa uwanjani kikampigia saluti. Mpishi, asijue la kufanya, akanyoosha kidole kuelekea bombani. Kikosi kikaenda mbio, kikalizingira bomba na kuliteka. Iliundwa tume. Ilikaa miezi kumi na mitano ikagundua kwamba amri ile ilikuwa halali. Tangu hapo Kanuni ya Kwanza ya jeshi letu inasema: cheo ni cha shati, mtu ni wa kulijaza tu.

Naomba msomaji aikumbuke kanuni hiyo, maana ndiyo iliyomuua kaka yangu mara ya pili.

*

Kaka yangu aliitwa Masudi. Alikuwa koplo, ana miaka ishirini na mitatu, na meno ya mbele yenye mwanya aliokuwa akiupigia mluzi. Miaka sita iliyopita yeye na wenzake, mia nne na kumi na wawili, walipewa amri ya kuvuka mto kwa zoezi la wiki mbili. Shati la gwaride halivaliwi kwenye zoezi, basi kila mmoja akaliacha lake ghalani, kwenye kiango chake, na jina juu. Wakavuka wakiwa na mashati ya kazi.

Ng'ambo ya pili kulikuwa na majirani, ambao hawakuwa wameambiwa kwamba ni zoezi.

Tulilisikia kwa siku tatu. Madirisha ya ghala yalitikisika. Siku ya nne kukawa kimya, na redio ikatangaza kwamba zoezi linaendelea vizuri. Tangu siku hiyo linaendelea vizuri. Hakuna aliyekufa, maana kwenye zoezi watu hawafi. Hakuna aliyerudi, maana zoezi halijaisha.

Kwetu mtu aliye hai haliliwi. Kumlilia ni kumwapiza. Na aliyekufa bila mwili kuonekana, huzikwa nguo aliyoivaa na kuitolea jasho. Nguo ikishafukiwa ndipo ndugu hulia. Nguo za Masudi zote zilikuwa za jeshi, na zote alivuka nazo. Iliyobaki ilikuwa shati lile ghalani.

Mama hakulia kwa miaka sita. Kila mlo alimpakulia Masudi sahani yake, akaifunika kawa, akaifunua chakula kikiwa kimepoa. Mlango wetu haukufungwa kwa komeo hata msimu wa wezi. Kilio kilimpanda kikaishia shingoni, na shingo ikavimba. Zahanati walimpa vidonge vya tezi. Mama alivimeza kwa adabu, akijua yeye na daktari kwamba si tezi.

"Zaituni," aliniuliza kila nilipotoka kazini, "wamelitoa?"

"Bado, mama."

"Haya. Nawa mikono tule."

*

Sasa, watu mia nne na kumi na wawili walio hai na walio kazini lazima wawe na mashati yanayofuata kanuni. Kola mbili zilipofutwa, tulizifumua zao. Mfuko wa siri ulipokuja, tuliwashonea. Na kwa kuwa walikuwa kazini, walipaswa kupandishwa vyeo kila mwaka kama wengine. Walipanda kuliko wengine. Askari wa kambini huchelewa, hulewa, hujibizana na wakubwa. Hawa hawakuwa na kosa hata moja kwenye faili zao. Mwaka wa kwanza Masudi alikuwa sajini. Wa pili, luteni. Wa tatu akaruka ukapteni akawa meja.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimfumua na kumshona. Chini ya kila cheo kilichofumuliwa hubaki kivuli, kitambaa ambacho jua halikukifikia, cheusi kidogo kuliko kingine. Shati la mtu aliyepanda haraka lina vivuli vingi. Ukiliangalia kwa mbali dirishani, unaona kama watu kadhaa wamesimama ndani yake, mmoja nyuma ya mwingine.

Yalikuwepo mengine, ambayo mafundi hatukuyazungumza. Kola zilichafuka. Mashati hayakuvaliwa na mtu, lakini kila Jumatatu kola zilikuwa na ule mstari wa shingo, tukazisugua kwa sabuni ya mche. Mikono nayo. Tulikuwa tukiyaning'iniza yakitazama ukuta, na kila tukirudi mchana kutoka kula, mikono mia nne na kumi na miwili ya kulia imesogea kidogo mbele, upande wa mto. Afande mkuu wa ghala, Kapteni Njiku, aliandika kwenye ripoti kwamba ni upepo. Ghala letu halikuwa na upepo. Yeye mwenyewe alikuwa akilalamika joto kila siku.

Mkataji wetu, Babu Kapilima, alikuwa amekata kola za Viongozi wote wanne. Mara ya kwanza nilipotumwa kwenye safu hiyo aliniambia, "Ukipita katikati yao, mjukuu wangu, usiguse mikono. Pita kama unapita msibani." Kisha akakohoa, akasema, "Yaani, kama unapita mahali pasipo na msiba wowote."

*

Mwaka wa nne nilijipa moyo nikaenda kwa Kapteni Njiku. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani, yakanipotea nilipoona buti zake.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Unataka ruhusa ya nini?"

"Shati la kaka yangu. Mama anaomba."

"Shati la nani?"

"Meja Masudi."

"Luteni Kanali Masudi," alinisahihisha. "Kapandishwa jana. Hongereni sana. Mama anataka kulifanyia nini?"

Niliangalia sakafu. Alielewa. Akavuta droo, akaitazama, akairudisha.

"Binti, mimi ni mtu mwenye huruma, muulize yeyote. Lakini unaniomba nimpe raia ofisa aliye kazini amfukie ardhini. Hiyo ina jina lake kwenye sheria, tena baya."

"Ndiyo, afande."

"Ningekuwa wewe ningefurahi. Mimi ni kapteni mwaka wa kumi na moja. Kaka yako sasa hivi akinipita koridoni nampigia saluti." Akatazama mlangoni. "Juzi nilimpigia."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kisha akanituma nikachukue vifungo.

*

Siku ya Uhuru ya mwaka wa tano, Brigedia Tindwa, Mkurugenzi wa Mashati na Heshima, alipata wazo. Kikosi bora kuliko vyote kisichokuwa na kosa lazima kipite mbele ya Kiongozi. Mashati yalifungwa kwenye reli za kutundikia nguo zenye magurudumu, yakasukumwa uwanjani yakiwa yamepigwa pasi, mistari ikiwa imenyooka kuliko ya mtu yeyote. Brigedia alitoa hotuba.

"Ndugu wananchi," alisema, "jeshi lina maadui watatu: njaa, usingizi na maoni. Kikosi hiki kimewashinda wote watatu."

Baba Mlezi alishuka jukwaani kukagua. Watu wanasema siku hiyo uwanja mzima ulisikia mluzi, mfupi, kama wa mtu mwenye mwanya. Mimi nilikuwa nyuma ya reli nikishika magurudumu. Kusikia nilisikia.

Baba Mlezi akasimama mbele ya shati la Masudi.

"Huyu ni nani?"

"Kanali Masudi, Mtukufu."

"Haongei sana."

"Hapana, Mtukufu."

"Wote wanaonizunguka wanaongea." Akaligusa bega, akauondoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa chungu chenye moto. Akaufuta kwenye suruali. "Mpeni ujenerali. Nataka akae karibu nami, nimwone."

Hivyo Masudi akapata nyota nne, cheo cha juu kabisa katika nchi baada ya cha Kiongozi, ambaye ana tano. Akapewa kiti katika Baraza Kuu. Kila Jumatano gari lilikuja ghalani kumchukua kwenye kiango, na jioni likamrudisha. Ikaripotiwa kwamba ni mjumbe makini. Mawaziri walimwomba ushauri, na aliponyamaza waliondoka wakiwa wamejirekebisha. Lakini miezi ilivyopita, Baba Mlezi aligundua jambo. Akihutubia, Baraza lote hupiga makofi. Jenerali Masudi hakupiga.

"Bado ananipenda?" alimuuliza Brigedia Tindwa.

"Anakuheshimu kimyakimya, Mtukufu."

"Kimyakimya," alirudia Baba Mlezi, na inasemekana tangu wiki hiyo alianza kulala taa zikiwaka.

Mama naye shingo ilikuwa imefika mahali pa kumzuia kumeza. Alikuwa akinywa uji tu, kijiko kwa kijiko. Nesi wa zahanati aliniita pembeni akasema, "Dada, mama yako hana miezi mingi. Kama kuna kitu anakingoja, kisimchelewe."

*

"Babu," nilimwuliza Kapilima tukinywa chai ya saa nne, "shati likitaka kutoka humu linatokaje?"

Alikuwa akinoa mkasi wake. Hakuniangalia.

"Kwa kustaafu."

"Miaka mingapi?"

"Hamsini na mitano. Kaka yako ana ishirini na tisa."

"Na njia nyingine?"

Akanoa. Akajaribu makali kwa kucha.

"Enzi za yule mfupi lilitoka shati moja. La kanali aliyesema kiti cha Kiongozi kina mto wa kukalia juu yake. Lilipigwa risasi, likapewa familia. Na cheti cha kifo, chenye muhuri. Walilizika kwa heshima zote, pilau na nini." Akaweka mkasi chini. "Msaliti huwa anakufa, mjukuu wangu. Ndiyo tofauti yake na sisi wengine."

Nilikunywa chai yangu yote kabla ya kusema.

"Akiwa na nyota tano?"

"Tano watasema fundi kakosea kuhesabu. Watakufunga wewe. Sita watasema shati limekusudia."

Akachukua mkasi wake, akarudi kukata. Jioni nyumbani nilimwambia mama. Alikuwa ameketi kizingitini akichambua mchele wa Masudi, ambao Masudi hataula.

"Watamuua?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo atakufa mara ya pili."

"Ndiyo."

"Na ni wewe utakayemshonea."

"Ni mimi."

Akaendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitupa uani.

"Ile ya kwanza hakuna aliyeniambia," alisema. "Hii watatangaza. Shona, mwanangu. Ila ushone vizuri, asije akaonekana hana watu."

*

Nilizishona nyota Jumatano asubuhi kabla ya gari kuja, mbili kwa kila bega, kwa uzi wa dhahabu uliopigwa nta. Nilishona kwa mishono midogo kama alivyotaka mama. Shati lilikuwa na uvuguvugu. Nilipofika nyota ya sita, mkono wa kulia wa shati uliteleza kutoka mezani ukanilalia gotini, ukabaki hapo hadi nilipokata uzi. Pengine ni upepo.

Yaliyotokea Barazani niliyasikia kwa dereva. Jenerali Masudi aliwekwa kitini. Waziri wa kwanza akaangalia bega, akahesabu, akahesabu tena. Akasimama akapiga saluti. Kanuni ya Kwanza haimwachii mtu nafasi. Wakasimama wote. Baba Mlezi naye, mwenye tano, akajikuta amesimama, mkono umefika kwenye paji la uso. Walingojea amri. Jenerali Masudi hakutoa amri. Kwa robo saa nzima nchi yetu ilitawaliwa na kaka yangu, na baadaye niliwasikia watu sokoni wakisema haikuwa robo saa mbaya.

Hakuna aliyethubutu kushusha mkono isipokuwa mhudumu wa chai, ambaye shati lake halikuwa na cheo. Baba Mlezi akamnong'oneza kwa pembe ya mdomo, "Niitie fundi."

Nililetwa kwa pikipiki, nikiwa na sindano yangu na kisanduku cha nyota. Baraza lote lilikuwa bado limesimama, mikono ikitetemeka kwa uchovu. Mwisho wa meza lilikaa shati, limenyooka. Baba Mlezi alikuwa analowa jasho.

"Niongezee," alisema. "Mbili. Haraka."

Nikapanda juu ya kiti, nikamshonea akiwa amelivaa. Sijawahi kuwa karibu hivyo na shingo ya mtu mkubwa. Ni shingo kama nyingine, ina vipele vya kunyoa.

"Una mkono mwepesi, binti."

"Ndiyo, Baba."

"Nani alimshonea yule?"

"Vyeo vyote nashona mimi, Baba."

Nikasikia Baraza likipumua. Kila mmoja alikuwa ameanza kutazama bega lake mwenyewe, kwa jicho la pembeni, kama anayeliona kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo," alisema Baba Mlezi polepole, "nyota zinatoka kwako?"

Uzi ulikuwa mdomoni mwangu. Niliuondoa.

"Hapana, Baba. Zinatoka kwako. Mimi nafunga fundo tu."

Brigedia Tindwa akadakia haraka kuliko nilivyowahi kumsikia akisema. "Hilo haliwezi kuchunguzwa, Mtukufu. Tukiuliza fundi, itabidi tuulize na zetu zimetoka wapi. Ni wazi kwamba shati limejipandisha lenyewe."

"Ni wazi," walisema mawaziri.

"Ni wazi," alisema Baba Mlezi mwenye nyota saba, akashusha mkono. "Likamateni."

Askari wawili walilishika kila mmoja bega lake. Niliona jinsi walivyoinama. Shati la pamba lina uzito gani? Walilibeba kama watu wanaobeba mtu.

*

Kesi ilichukua asubuhi moja. Mshtakiwa alisimamishwa kizimbani kwenye kiango. Mwendesha mashtaka alikuwa kanali mwenye miwani, aliyesema kwamba kwa miaka sita mshtakiwa hakuwahi kuisifu serikali hata kwa neno moja, na kwamba kati ya makofi elfu arobaini na kitu yaliyopigwa Barazani, lake halikuwemo.

"Una la kusema?" aliuliza jaji.

Karani aliandika: Mshtakiwa alinyamaza kwa dharau.

"Una familia?"

Mama alikuwa amekaa benchi la nyuma, kitambaa kimefunika shingo. Akasimama.

"Anayo," alisema.

Jaji akamwangalia, akaangalia karatasi zake, akasoma hukumu. Lilivuliwa nyota zote kumi na mbili palepale, na nilipewa mkasi mimi. Mabega yakabaki na vivuli.

Lilipigwa risasi Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa mpira, jua likiwaka. Walileta wanafunzi wa shule tatu wajifunze. Askari kumi na wawili walisimama hatua ishirini mbele ya shati lililofungwa kwenye mwamba wa goli. Nguo ikipigwa risasi hupepea, hiyo naijua hata bila shule. Hili halikupepea. Lilijikunja tumboni, likaenda mbele, kamba zikalizuia, likainamisha kola. Askari mmoja aliweka bunduki chini akaenda kutapika kando ya kibendera cha kona. Daktari wa jeshi akaja na kifaa chake cha kusikilizia, akakiweka juu ya mfuko wa siri za taifa. Alisikiliza kwa muda mrefu sana. Wanafunzi wakaanza kunong'ona. Mwishowe akakitoa masikioni, akaniangalia mimi niliyekuwa nimeshika sanduku la kulichukulia shati.

"Sasa moyo umesimama," alisema, akasaini.

Kapteni Njiku alitukabidhi shati na cheti chenye muhuri. "Kwa mujibu wa sheria," alisoma, "familia ya msaliti inaruhusiwa kuzika. Isilie kwa sauti ya kupita nyumba tatu." Akakunja karatasi. Kisha, akiwa amesimama wima kama nguzo, akalipigia saluti shati lisilo na nyota hata moja, na sijui kama kuna kanuni ya hilo.

Tulilioshea uani kwa mama, kama mwili unavyooshwa, nyuma ya khanga nne walizozishika majirani. Mama alimimina, mimi nikasugua. Maji ya kwanza yalitoka meupe. Ya pili yalitoka na matope, mekundu, mazito, yenye vipande vya majani ya mtoni. Shati lile halikuwahi kuvuka mto. Tulimimina mitungi saba na matope hayakuisha. Majirani walioshika khanga waligeuza nyuso.

"Amefika," alisema mama.

Tulimzika alasiri. Udongo ulipofunika kola, mama akalia. Alilia kilio kilichopita nyumba tatu, kikapita thelathini, kikavuka kambi, na hakuna askari aliyetoka kuja kupima. Alilia siku tatu. Siku ya nne alikula ugali na dagaa, sahani mbili, akafunga mlango kwa komeo, akalala.

*

Jumatatu nilirudi kazini. Kiango cha Masudi kilikuwa kitupu katikati ya mashati mia nne na kumi na moja. Nilikaa mahali pangu dirishani, nikachukua la kwanza kwenye rundo, la luteni mmoja, nikaanza kufumua.

Kivuli kikaangukia kazi yangu. Niliinua macho. Nje ya dirisha alisimama mwanamke wa makamo, mtandio umezungushwa shingoni mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa joto lile.

"Hujambo mwanangu," alisema. "Wewe ndiye fundi?"

"Shikamoo mama. Ni mimi."

"Marahaba. Wangu anaitwa Bakari Mtoro. Yupo humo?"

Niligeuka nikatazama safu. "Yupo. Ni meja."

"Ana nyota ngapi?"

"Moja, mama."

Akahesabu kwa vidole ndani ya mtandio. Nyuma yake alikuwapo mwingine, na nyuma ya huyo mwingine, mstari ukifuata ukuta wa ghala hadi getini na kukata kona, wanawake watupu, wametulia kama watu waliokuja kuchukua dawa. Hakuna aliyekuwa analia. Babu Kapilima alikuwa amesimama nyuma yangu na mkasi wake, naye akauona mstari.

Mama wa Bakari akainama dirishani, akashusha sauti ili wenzake wasimwone ana haraka.

"Sitaki kukusumbua," alisema. "Nakuomba saba tu."